Mwenye Nguvu Zote Anayepanga Kisenyi: Mwongozo wa Kuandika Wahusika Wasio wa Dunia Hii

Hadithi nyingi za ajabu ninazoletewa kusoma hapa Kampala zina ugonjwa mmoja: mhusika mkuu anaweza kila kitu, kwa hiyo hana la kufanya. Ukurasa wa kwanza anapaa juu ya Nakasero, wa pili anakausha ziwa la Nalubaale, yaani Viktoria, kwa pumzi moja, wa tatu anafufua waliozikwa juzi, na ukifika wa nne unajikuta unawaza chakula cha jioni. Mwandishi akiambiwa hivyo, hukimbilia dawa ile ile ya siku zote. Anampa mhusika wake udhaifu. Mara anaogopa chumvi, mara akiguswa kisigino anakwisha. Sasa tunakaa kusubiri nani ataleta chumvi.

Dawa hiyo haiponyi, na ushahidi tunao katika lugha yetu wenyewe. Fumo Liyongo wa Pate hakuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni. Lakini muulize aliyewahi kuhadithiwa habari zake kinachomkaa moyoni. Atakwambia ni mwana. Mwana anatumwa na maadui amuulize baba yake kinachoweza kumuua, na baba, ambaye katika baadhi ya masimulizi anahisi kabisa kwamba kijana ametumwa, anamjibu. Toa sindano uweke mwiba au sumu, hadithi haipungukiwi. Mtoe mwana, hakuna hadithi.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitakwambia upunguze nguvu za mhusika wako. Mwachie zote. Tutatafuta mahali zisipofika. Ninawalenga wanaoandika Kiswahili hapa Uganda, awe yuko Arua, Bombo, Jinja au chumba cha nyuma Kisenyi, na wanaopenda hadithi ambazo barabara hujikunja na marehemu hupanda teksi. Nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho ili tusizungumze hewani.

Hatua ya 1: Uwezo mmoja, uandikwe kama kazi ya mikono

"Ana nguvu zisizo na mipaka" ni maneno ya kwenye bango. Hayamwambii msomaji chochote. Chagua jambo moja analolifanya mhusika, kisha liandike kwa kitenzi cha kawaida: anakula, anashona, anahesabu, anafungua. Halafu andika kinachobaki baada ya kulifanya.

Mhusika wetu anakula saa. Sisemi saa ya mkononi, nasema saa yenyewe. Akila saa tisa ya alasiri ya Jumanne, Kampala nzima inaruka kutoka saa nane hadi saa kumi. Chai iliyokuwa inachemka imeshapoa. Mwendesha boda aliyembeba abiria Wandegeya anajikuta Ntinda, pesa mfukoni, njia haikumbuki. Mtoto aliyekuwa amelala yuko macho na hajui ameamshwa na nani. Majirani wanamwita Hajati kwa sababu anajifunga mtandio na ni mtaratibu. Hakuna aliyemuuliza alihiji lini.

Ukishaandika hayo, jiulize ladha. Saa za alfajiri kwa Hajati ni ngumu na hazina chumvi. Saa ya magharibi ina mafuta. Anayoipenda ni saa tisa alasiri, kwa sababu watu wengi wanaitumia kwa kusubiri tu, na kusubiri kuna utamu. Hili la ladha utaliona lina kazi baadaye.

Angalia pia ukubwa wa eneo. Mwandishi kijana hupenda kuteketeza nyota. Msomaji hana wa kumlilia huko kwenye nyota. Jiji moja linatosha, na mtaa mmoja mara nyingi ni bora kuliko jiji.

Hatua ya 2: Mpe haja ambayo nguvu zake zinaiharibu

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe. Haja za mhusika mwenye nguvu ziko za daraja tatu. Ya chini kabisa ni haja ambayo nguvu zake hazisaidii: anaweza kuhamisha milima lakini hajui kuimba. Inafaa kwa kicheko. Ya pili ni haja ambayo nguvu zinaizuia: anataka kucheza karata na wazee wa mtaa, lakini anaona kadi zote. Ya tatu ndiyo ninayokutaka uitafute, ile ambayo kila akitumia nguvu zake inazidi kwenda mbali.

Hajati anataka kusubiriwa. Tangu dunia iwepo hakuna aliyewahi kukaa mlangoni akasema, "Amechelewa, mbona haji?" Na hawezi kusubiriwa, kwa sababu muda wa kusubiri ndio chakula chake. Mtu akianza tu kumngoja, Hajati anausikia utamu wake, na njaa inakuja.

Ukitaka kuona mfano wa zamani, nenda Kitara, ufalme wa kale. Masimulizi ya Bunyoro yanamtaja mfalme Isaza, aliyetakiwa na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, wachanjiane udugu wa damu. Isaza akaogopa, akamtuma bawabu wake Bukuku achanjiwe badala yake. Nyamiyonga alipogundua kwamba amechanjiana na bawabu akakasirika. Akamtuma binti yake mrembo, Nyamata, akamnase. Isaza akampenda, akamwoa, lakini ikaonekana kwamba kuna anachokipenda kuliko mke. Basi kuzimu wakatuma fahali na ng'ombe jike wazuri kupita kiasi. Wanyama hao walipopotea, Isaza akatoka kuwatafuta, akawafuata mpaka chini ya ardhi, akabaki huko.

Hakuna mkuki uliotumika. Mfalme mkubwa alinaswa na kitu ambacho mfugaji yeyote wa Ankole anakielewa bila kufafanuliwa. Na tazama jinsi binti mfalme alivyoshindwa na ng'ombe akashinda: undani wa aina hiyo ndio unaomfanya mtu aseme "huyu namjua". Mwandishi mvivu angeishia kwa binti.

Bachwezi, watawala wa masimulizi waliofuata, nao wana kisa kama hicho. Mugenyi, ambaye jina lake limebaki kwenye Bigo bya Mugenyi na mahandaki yake ya zaidi ya kilomita 10, alikuwa na ng'ombe aitwaye Bihogo. Aliapa kwamba Bihogo akifa, naye hataishi. Ng'ombe akafa. Ndugu wakamzuia asijidhuru, akazuilika. Kisha shangazi yake akamkejeli kwamba aliapa kufa na bado anakula. Mtu anayehesabiwa karibu na miungu amekaa mbele ya shangazi, amekosa jibu! Ukiweza kumweka mhusika wako kwenye hali hiyo hata mara moja, umeshampata msomaji.

Hatua ya 3: Mpe ndugu

Nguvu hazina ukoo, ndiyo maana zinachosha. Mara tu unapomwambia msomaji kwamba huyu ni shemeji ya fulani, au binamu aliyenyimwa mwaliko wa harusi, anaanza kuhukumu kama anavyohukumu nyumbani kwao.

Sijaona kazi hii ikifanywa vizuri kuliko katika kisa cha Kintu na Nambi cha Buganda. Msomaji wa Uganda amekisikia tangu utotoni, lakini kisome tena kama fundi. Ggulu, mwenye mbingu, anamjaribu Kintu, anayetaka kumwoa binti yake Nambi, kwa mambo yasiyowezekana: ale chakula cha umati wa watu, apasue mwamba kwa shoka, ajaze chungu kwa maji ya umande, atambue ng'ombe wake katika kundi kubwa. Ondoa ukubwa wa majaribio hayo, unabaki na nini? Baba mkwe asiyempenda bwana harusi fukara. Kila mwanamume aliyewahi kwenda ukweni kwa kwanjula, sherehe ya kujitambulisha, akaketi kwenye mkeka huku jasho likimtoka, anamjua Ggulu.

Halafu anakuja Walumbe, ambaye ni kifo. Yeye ni kaka wa Nambi. Kintu na Nambi waliambiwa waondoke upesi kabla Walumbe hajajua, na wasirudi hata wakisahau kitu. Wakasahau ulezi wa kuku, mtu akarudi kuuchukua, Walumbe akafuatana nao. Alipofika duniani hakuanza kwa kuua. Aliomba apewe mtoto mmoja amsaidie kupika. Kintu akakataa. Ombi likarudiwa, likakataliwa tena. Hapo ndipo watoto wakaanza kufa.

Kwa watoto wale, kifo ni mjomba. Ni mjomba aliyekuja bila kualikwa, akaomba msaada wa jikoni kama mjomba yeyote anavyoweza kuomba, akanyimwa, akachukia. Hakuna aliyemfanya mdogo. Bado anaua, bado hakuna anayemshinda. Lakini chuki yake ina sababu tunayoweza kuieleza mezani, na tukiieleza tutagawanyika: wengine watasema Kintu alikuwa na haki, wengine watasema mtoto mmoja tu wa kuosha sufuria, shida iko wapi?

Na kuna Kayikuuzi, kaka mwingine, aliyetumwa kumkamata Walumbe na kumrudisha mbinguni. Watu waliambiwa wakae ndani na mtu asipige kelele. Watoto wakatoka na mbuzi, wakamwona Walumbe, wakapiga yowe, naye akazama tena ardhini kule Ttanda. Kayikuuzi akasema amechoka, akarudi kwao. Mungu aliyechoka na kazi aliyotumwa, akaiacha nusu! Sijui mwandishi wa leo angethubutu.

Fanya hivi: andika majina matatu ya watu ambao mhusika wako ana deni kwao au wana deni kwake. Deni la heshima au la lawama ni bora kuliko la pesa. Hajati ana dada mkubwa anayekula miaka na anayemdharau kwa kula vijisaa. Dada huyo hatokei hata mara moja katika hadithi. Anatajwa tu Hajati anapoona aibu.

Neno moja hapa kabla hatujaendelea. Mukasa, Kibuuka, Bachwezi na wenzao bado wana watu wanaowaheshimu na mahali pao pa ibada. Usichukue jina la mungu wa mtu ukalifanya kichekesho cha hadithi yako. Chukua ufundi wa kisa, uumbe jina na kiumbe chako mwenyewe.

Hatua ya 4: Mpitishe ofisini

Kiumbe wa ajabu anaonekana vizuri zaidi akiwa mbele ya dawati. Kampala inakusaidia sana hapa, kwa sababu huwezi kupanga muzigo, chumba cha kupanga, ukakaa kwa amani bila mwenyekiti wa LC 1, baraza la mtaa, kukujua. Hivi ndivyo nilivyomwandika Hajati:

*Mwenyekiti alivaa miwani, akafungua daftari.*

*"Jina?"*

*"Hajati."*

*"Hajati nani?"*

*"Hajati tu, ssebo."*

*"Tarehe ya kuzaliwa?"*

*Hajati akaangalia dari. "Wakati ule hazikuwepo."*

*"Andika hata mwaka, nyabo. Watu wote wa kijijini wanasema hivyo." Akagonga kalamu. "Na barua ya mwenyekiti wa ulikotoka iko wapi?"*

*Njaa ikamshika. Saa ile ilikuwa tisa na robo, imeiva, iko mezani pale kati yao. Angeimeza, na maswali yote yangekwisha. Lakini muhuri nao ulikuwa ndani ya saa hiyo hiyo.*

*"Nitaileta," akasema.*

Kazi inafanywa na sentensi ya muhuri. Bila hiyo tungekuwa na kichekesho cha jini na karani, ambacho kila mtu ameshakiandika. Ofisi ifinye ile haja ya hatua ya pili. Kama haifinyi, ikate hata kama inachekesha. Nasema hivi nikijua inauma. Vipande vinavyochekesha ndivyo tunavyoving'ang'ania.

Si lazima iwe ofisi. Inaweza kuwa foleni ya jerikeni kwenye bomba, wakala wa kutuma pesa anayetaka kitambulisho, au mwenye nyumba anayekuja kila tarehe mosi akipiga geti kwa funguo. Epuka tu kumpitisha mhusika kila mahali. Taratibu mbili zinatosha kwa hadithi fupi.

Hatua ya 5: Chagua jicho

Usiingie kichwani mwa mwenye nguvu mapema. Ukiingia, utalazimika kueleza anavyoona milele, na hapo ndipo mashairi mabaya huzaliwa. Msimulizi awe mtu wa kawaida mwenye shughuli zake. Wetu ni Rehema, anayekaanga chapati na mayai kando ya barabara, mwanamke wa kuhesabu akiba usiku na kulalamikia bei ya unga. Anamwona Hajati kama mpangaji mwenzake ambaye hapigi kelele, hatupi taka ovyo, na ambaye kila akipita karibu chapati zinaungua bila mtu kuzisahau.

Shughuli za Rehema ziwe za kweli. Asiwepo pale kwa ajili ya kushangaa tu.

Hatua ya 6: Kinywa chake

Wahusika wa aina hii wana tabia mbaya ya kuzungumza kama wahubiri. "Mimi ndimi niliyekuwako kabla ya mwanzo." Futa. Mtu mwenye nguvu kweli haoni haja ya kujitambulisha.

Mwache aongee lugha ya mtaa, ila akosee kipimo. Hajati akisema "juzi" anaweza kuwa anazungumzia treni ilipofika Kampala kwa mara ya kwanza, yaani mwaka 1931. Rehema anadhani ni uzee. Akisalimia, hajui salamu inaishia wapi. Anauliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za jirani, za kuku, mpaka Rehema anashtuka chapati imekuwa mkaa. Musa, mtoto wa Rehema, anamwita jaja, yaani bibi, kama anavyomwita mzee mwingine yeyote, na Hajati anaitika haraka mno kuliko inavyostahili. Kuitika haraka huko kunasema kuliko kurasa mbili za upweke wa milele.

Jambo dogo la ufundi: heshima zisigeuke. Mtoto akimwita jaja ukurasa wa pili, asimwite Hajati ukurasa wa tano bila sababu. Msomaji wetu ana sikio kali kwa mambo hayo, na akisikia mtoto amebadilisha namna ya kumwita mtu mzima, ataamini kuna ugomvi.

Hatua ya 7: Nguvu itoze, na anayelipa awe karibu

Mpe mhusika nafasi mbili, tatu tu za kutumia uwezo wake waziwazi. Ya kwanza ituonyeshe unavyofanya kazi. Ya pili imgharimu mtu.

Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, alitoka visiwa vya Ssese kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Banyoro. Alipigana akiwa amejificha ndani ya wingu, akinyesha mishale kutoka juu. Alikuwa ameonywa kuhusu mateka wa kike. Akamchukua mmoja. Mwanamke yule akaijua siri ya wingu, akatoroka, akawaambia watu wake, nao wakaelekeza mishale huko juu. Kibuuka akajeruhiwa, akaanguka kwenye mti huko Mbaale ya Mawokota, si Mbale ya mashariki. Masalia yanayosemekana kuwa yake, pamoja na mfupa wa taya, yalipelekwa Cambridge enzi za ukoloni, yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Fikiria hilo: aliyepigana mawinguni amebaki taya. Anayejifunza kuandika viumbe wa ajabu asipite hapo haraka, kwa sababu wingu peke yake halishiki akili. Taya linashika.

Turudi Kisenyi. Musa ameanza kumngoja Hajati. Kila saa tisa anakaa kwenye ngazi ya geti na daftari la hesabu, kwa kuwa jaja alimwahidi kumsaidia kugawanya. Kwa mara ya kwanza Hajati anaiacha saa tisa ipite nzima. Anafunga. Mikono inamtetemeka, anajibu hesabu vibaya, Musa anamsahihisha. Siku zinakwenda hivyo, njaa inapanda.

Kisha mama yake Rehema anafariki Bombo. Maziko yamepangwa saa kumi. Hajati, aliyeiacha tena saa tisa kwa ajili ya mtoto, hawezi kuvumilia zaidi, anashika iliyofuata bila kuangalia imebeba nini. Rehema yupo kwenye teksi karibu na Kawempe. Kufumba na kufumbua anasimama makaburini, udongo umeshafukiwa, vumbi liko viatuni mwake, watu wanamshika mkono wakimwambia amejikaza vizuri. Hakumbuki jeneza. Hakumbuki dua. Anaambiwa aliitikia amina.

Hapo sasa nguvu zimekuwa nzito, na hakuna nyota iliyoteketea.

Angalia kwamba kosa lilitokana na wema. Hilo silisisitizi kama kanuni, lakini likitokea lenyewe kwenye hadithi yako usiliondoe.

Hatua ya 8: Pinda dunia, usipinde moyo

Hadithi ya ajabu ina ruhusa ya kuvunja kila kitu isipokuwa sababu za watu kuhisi wanavyohisi. Makaroli wa Kampala, wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya majalala, wanaweza kuvaa tai na kwenda kazini, sawa. Lakini Rehema asisamehe kwa sababu tu unataka kumaliza. Mwanamke aliyenyang'anywa maziko ya mama yake atafanya nini akijua nani ameyala? Huenda akaacha kumwuzia chapati. Huenda akamkataza Musa kukaa getini bila kumwambia kwa nini. Mimi nilichagua la pili, kwa kuwa ndilo linalomwumiza Hajati pale pale tulipomfungua mwanzoni.

Amua mapema pia wahusika wako wanashangaa kiasi gani. Ama mtaa mzima unaona ajabu kuwa kawaida, ama mtu mmoja anashangaa na wengine hawamwamini. Ukichanganya, leo wanashangaa kesho hawashangai, msomaji atadhani umesahau ulichoandika.

Hatua ya 9: Pima kabla hujatuma kokote

Chukua rasimu yako, funika kila sentensi inayotaja uwezo wa ajabu, usome kilichobaki. Katika hadithi yetu kinabaki hiki: mama mmoja mgeni mtaani, mtoto anayemngoja, jirani aliyekosa kumzika mama yake, na urafiki uliovunjika. Hiyo ni hadithi. Kama chako kinabaki hewa tupu, rudi hatua ya pili, usirudi kwenye kuongeza uwezo.

Halafu mpe mtu akusomee kwa sauti huku wewe unasikiliza bila kumsaidia. Atakapokwama ulimi ni pale ulipoandika kama mhubiri. Mtu huyo asiwe mwandishi. Mwendesha boda wa stej yenu anafaa, ilimradi anasoma Kiswahili na hakuogopi.

Sikiliza anachosema akimaliza. Akisema "maskini yule mama", jua umepita kiasi. Umemfanya kiumbe wako kuwa wa kuhurumiwa tu, na woga umekwisha. Hapo ongeza tukio moja ambalo Hajati anatisha kweli. Langu ni hili: mwenye nyumba anampigia Musa kelele getini, Hajati anamtazama mwanamume yule, na anameza saa moja ya uzee wake wa mbele huko, ya mwisho kabisa, ile ambayo wanawe wangekuwa wamemzunguka kitandani. Hakuna anayeona chochote. Mwenye nyumba anajikuna shingo, anasahau kodi, anaondoka. Hajati anajipangusa mdomo kwa pembe ya mtandio.

Tukio kama hilo liweke kabla ya maziko, lisiwe baada yake. Likitangulia, msomaji atakuwa tayari anamwogopa Hajati atakapoanza kumwonea huruma, na vyote viwili vitakaa pamoja. Likichelewa, litaonekana kama adhabu uliyomtafutia mwenye nyumba ili umsafishe Hajati.